Gobore kwa Mstaafu: Namna ya Kuanza Kulenga Shabaha kwa Baruti Nyeusi

Msomaji aliyekulia Tanzania hahitaji maelezo marefu kuhusu gobore. Ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni: baruti humiminwa kwanza, risasi hufuata, vyote viwili hushindiliwa hadi chini kwa mdeki, kisha fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo ya bunduki, au jiwe la gumegume huwasha moto. Kwetu jina hilo huambatana na uwindaji wa vijijini na, mara nyingi, na taarifa za polisi. Huku Marekani, ambako baadhi yetu tumefikia umri wa kustaafu, bunduki ya aina hiyohiyo ina maisha mengine. Wazee kwa vijana hukusanyika nayo viwanjani, wakalenga karatasi kwa utaratibu wa karne ya 18 na ya 19, na wakashindana kwa alama. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mstaafu mwenzangu aliyesikia habari za mchezo huu kwa jirani au kwa mkwe, na ambaye hajawahi kushika bunduki ya aina yoyote. Sifundishi uwindaji, wala sifundishi kuunda gobore nyumbani; nafundisha kulenga shabaha kwa bunduki iliyotengenezwa kiwandani, uwanjani, mbele ya watu wanaoijua kazi.

Wala silaha hizi si ngeni katika historia yetu na Wamarekani. Mkataba wa biashara uliofungwa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, uliwaruhusu wafanyabiashara wa Kimarekani kuuza na kununua kwa uhuru katika bandari za Sultani, isipokuwa kwamba bunduki, baruti na risasi zikifika kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake. Bunduki za zama hizo zilijazwa kwa mdomo, na maneno kama fataki, mdeki na gumegume tuliyarithi tangu wakati huo. Mzee wa Kiswahili anayeanza mchezo huu ana bahati ya kuwa na msamiati wake tayari.

Kinachoufanya umfae mtu mzima ni mwendo wake. Mwenye bunduki ya kisasa anaweza kumaliza risasi 20 kwa dakika chache. Mwenye gobore, akiwa ametulia, hupiga mara moja kila baada ya dakika mbili au tatu, na katikati ya milio mikono yake hurudia kazi ileile kwa mpangilio uleule. Nguvu nyingi haihitajiki. Kinachohitajika ni kujua hatua ipi imekwisha na ipi bado, na kukataa kukatizwa. Hatari za gobore huzaliwa hasa pale mtu aliporuka hatua kwa sababu mwenzake alimsemesha, na ndiyo maana nitasisitiza utaratibu wa kujaza kuliko ulengaji wenyewe.

Kabla ya kununua chochote

Nenda kwanza ukatazame. Chama cha taifa cha mchezo huu, National Muzzle Loading Rifle Association, kilianzishwa mwaka 1933, na uwanja wake mkuu uko Friendship, kijiji kidogo cha jimbo la Indiana, ambako mashindano ya taifa hufanyika. Klabu ndogo zimeenea katika majimbo mengi. Piga simu, uliza siku ya mazoezi, fika bila bunduki, kaa nyuma ya mstari wa kupigia ukiwa umevaa miwani na vizuia sauti, ukatazame mikono ya watu. Kwa kawaida utapata mtu atakayekukopesha bunduki yake na kusimama nawe kwa risasi za kwanza. Msaada huo una thamani kuliko chochote utakachosoma, pamoja na haya ninayoandika.

Zungumza pia na mwili wako kwa ukweli. Macho ndiyo yanayowasumbua wengi wetu, kwa sababu jicho la mtu aliyepita miaka 50 haliwezi tena kuona kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha kwa uwazi mmoja. Usihangaike na vyote vitatu. Kilengeo cha mbele ndicho kinachopaswa kuonekana wazi, na shabaha iachwe iwe na ukungu kidogo. Mweleze daktari wa macho umbali uliopo kati ya jicho lako na kilengeo hicho, ambao kwa bunduki ndefu ni kama mita moja, akutengenezee miwani ya umbali huo yenye vioo visivyovunjika kwa urahisi. Masikio yaliyokwisha kupungua nguvu yanahitaji kulindwa zaidi, wala si kidogo. Mimi hupendekeza vizibo vya ndani pamoja na vifuniko vya nje. Bunduki yenyewe ina uzito wa kilo nne hivi, na mtu mwenye mgongo mbovu anaweza kupigia akiwa ameketi mezani, mtutu ukiwa umelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Kishindo chake begani ni cha kusukuma zaidi kuliko kupiga, ilimradi kipimo cha baruti kiwe cha kiasi. Kama vidole vinatetemeka, kuna kifaa kidogo cha shaba cha kuvalishia fataki kinachokuondolea taabu ya kushika kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

Sheria ni jambo la kulimaliza kabla ya pesa kutoka mfukoni. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaitenga bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na pia nakala mpya inayojazwa kwa mdomo, iliyoundwa kwa baruti nyeusi na isiyoweza kutumia risasi za ganda, na haiihesabu pamoja na silaha za kawaida. Lakini majimbo yana sheria zake, na mengine hayakubali tofauti hiyo. Uliza mamlaka za jimbo lako, hasa kama wewe si raia au uliwahi kuwa na kesi. Walioko Uingereza huhitaji cheti cha polisi kwa bunduki na kibali kingine kwa baruti. Tanzania, gobore ni silaha mbele ya sheria, na kulimiliki bila kibali ni kosa. Asitokee mtu akafikiri kwamba kilichoruhusiwa Indiana kinaruhusiwa Iringa.

Bunduki ya kwanza

Ushauri wangu ni bunduki ya fataki yenye nyundo ubavuni na kipenyo cha inchi 0.50, yaani milimita 12.7. Nyingi za aina hii zimeigwa kutoka kwa ndugu Jacob na Samuel Hawken, mafundi wa St. Louis, Missouri, waliowauzia wawindaji wa milima ya magharibi katika karne ya 19. Pedersoli wa Italia hutengeneza nakala nzuri, na nakala za Thompson/Center zilizoanza kuuzwa mwaka 1970 bado zinapatikana kwa mkono wa pili. Tazama mifuo ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi: kwa risasi ya duara iliyofungwa kitambaa, mfuo uwe unamaliza mzunguko mmoja kila inchi 48 hadi 66. Mfuo unaozunguka kila inchi 28 umekusudiwa risasi ndefu, na risasi ya duara humpa mmiliki wake huzuni tu.

Bunduki ya gumegume inavutia zaidi, nami siwalaumu wanaoipenda, lakini jiwe lina tabia zake, kuna kuchelewa kidogo kati ya cheche na mlio, na moto hutoka ubavuni kumwelekea aliyesimama kulia kwako. Iache kwa mwaka wa pili. Bastola ya silinda nayo ingoje, kwa sababu moto unaweza kuruka kutoka chumba kimoja hadi vingine ikiwa havikuzibwa vizuri kwa risasi inayobana na mafuta mazito juu yake.

Ukinunua bunduki iliyotumika, au ukirithi ile iliyoning'inia ukutani kwa miaka 40, ichukulie kuwa imejazwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Ingiza mdeki polepole mpaka ukome, weka alama ya penseli usawa wa mdomo wa mtutu, utoe, kisha ulaze kwa nje ukilinganisha. Ncha yake inapaswa kufika karibu na pale fataki inapokaa. Ikiishia inchi mbili au zaidi kabla ya hapo, kuna kitu ndani, na bunduki hiyo ni ya kupelekwa kwa fundi, si ya kuchokonoa nyumbani. Alama hiyo ya mtutu mtupu ifanye ya kudumu, na baadaye utaongeza ya pili, ya mtutu uliojazwa sawasawa. Alama hizo mbili zimewaokoa watu wengi.

Baruti yenyewe

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa asilimia 75 ya shura, yaani nitrati ya potasiamu, asilimia 15 ya makaa ya mti na asilimia 10 ya salfa. Huuzwa kwa ukubwa wa chembe, ukionyeshwa kwa herufi F: kadiri F zinavyoongezeka, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo na moto kuwa wa haraka. FFg ndiyo ya kawaida kwa bunduki ya inchi 0.50, FFFg kwa vipenyo vidogo na bastola, na FFFFg ni ya kuwashia kwenye kisahani cha gumegume tu. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, hubaki kuwa chembe ngumu, na ndizo hizo zinazoonekana kama moshi mzito mweupe na masizi ndani ya mtutu. Askari wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki walilijua hilo kwa uchungu mwaka 1914, kwani kombania zao nyingi zilikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871 zilizotumia baruti hii, na kila mlio uliwaonyesha adui mahali walipo.

Jambo moja halina mjadala. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi isiingie kamwe katika gobore, hata kidogo, hata ikichanganywa. Shinikizo lake ni kubwa kuliko mtutu unavyoweza kuhimili, nao utapasuka karibu na uso wako. Rangi si kitambulisho, kwa kuwa zote zaweza kuwa nyeusi; kitambulisho ni chombo chake cha asili chenye maandishi, na baruti iliyohamishiwa kwenye chupa nyingine isitumiwe. Baruti mbadala kama Pyrodex zinaruhusiwa, mradi zipimwe kwa ujazo kwa kipimo kilekile cha baruti nyeusi, si kwa mizani, kwa sababu ni nyepesi.

Nyumbani, iweke katika chombo chake, mahali pakavu na baridi, mbali na moto na mikono ya wajukuu. Usiifungie ndani ya sanduku zito la chuma ukidhani umeilinda, kwani baruti iliyobanwa hulipuka kwa nguvu ambayo baruti iliyo wazi haina. Ratili moja, yaani gramu 454, ina greni 7,000 (greni ni kizio kidogo cha uzito), na kwa kipimo cha greni 50 hutoa milio 140. Mstaafu hana haja ya kuweka shehena.

Kujaza

Vaa pamba au sufu, kwa kuwa nguo za nailoni huyeyukia mwilini zikiguswa na cheche. Hakuna sigara karibu. Chombo cha baruti kifungwe kila baada ya kumimina na kikae mbali na mstari wa kupigia.

Anza na mtutu usio na mafuta. Pitisha kitambaa kikavu, vika fataki tupu bila baruti, elekeza mdomo wa mtutu kwenye jani lililo chini upande wa shabaha, upige. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Kisha simamisha bunduki kitako kikiwa chini na mdomo ukiwa umeelekea mbali na uso wako na wa jirani, nyundo ikiwa imelala juu ya fataki ile iliyokwisha pigwa.

Mimina baruti katika kipimo kwanza, kisha kutoka katika kipimo uimimine mtutuni. Usimimine kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuwekea baruti au chupa: kaa dogo likibaki ndani ya mtutu, kitakacholipuka kwenye kipimo ni greni 50, lakini kitakacholipuka kwenye pembe ni mkono wako wote. Greni 50 kwa ujazo, karibu gramu 3.2, ni mwanzo wa wastani kwa FFg katika kipenyo hiki, lakini kijitabu cha mtengenezaji wa bunduki yako ndicho hakimu, nacho kikisema pungufu, fuata pungufu.

Weka kiraka cha pamba kilicholainishwa kwa mafuta juu ya mdomo wa mtutu. Mafuta yawe ya asili, kama nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mzeituni, kwa sababu mafuta ya petroli yakikutana na masizi hugeuka kuwa kitu kama lami. Kiraka chenye unene wa inchi 0.015 hufaa, na juu yake weka risasi laini ya duara ya inchi 0.490, ambayo ina uzito wa gramu kumi na moja na nusu hivi. Isukume kwa kisukumio kifupi mpaka iingie, kisha tumia mdeki. Ushike mdeki kwa vidole, kiasi cha shubiri moja juu ya mdomo wa mtutu, usukume kwa hatua fupi fupi. Anayeshika juu kabisa na kuegemeza mwili anaweza kuvunja mti, na mti uliovunjika huchongoka na kupita katika kiganja.

Risasi lazima ikae juu ya baruti bila nafasi katikati. Risasi iliyoachwa njiani inaweza kuufanya mtutu kuvimba au kupasuka. Hapa alama ya pili ya mdeki ndiyo inayosema: ikifika usawa wa mdomo, umemaliza, isipofika, endelea kusukuma, usiongeze kitu kingine. Usiigonge risasi kwa mdeki kama anayetwanga mahindi, kwa maana unaipondaponda na kuiharibia umbo.

Fataki ndiyo ya mwisho, nayo huvikwa ukiwa umekwisha fika kwenye mstari, mtutu ukielekea shabaha. Koka nusu, yaani vuta nyundo nyuma hadi nusu, vika fataki, koka kamili, lenga, fyatua bila kuvuta kwa ghafla. Endelea kulenga mpaka moshi uanze kupungua. Kwa gobore, anayeinua kichwa mapema huharibu risasi ambayo bado iko njiani mtutuni.

Mtu akikusemesha katikati ya kujaza, usijibu. Ukijibu, rudi mwanzo: ingiza mdeki, soma alama, ndipo uendelee. Katika klabu nzuri hakuna atakayeona umemdharau.

Bunduki ikigoma

Fataki ikilia na bunduki isiitikie, usisogee. Weka mtutu ukielekea shabaha kwa dakika moja nzima, hata mbili, kwa sababu baruti inaweza kuwa inafukuta. Kisha vika fataki mpya ujaribu tena, na ikigoma mara ya pili mwite msimamizi wa uwanja. Mara nyingi utagundua kwamba umesahau baruti na kushindilia risasi peke yake. Hilo humpata kila mtu. Dawa yake ni kuitoa risasi kwa parafujo maalumu inayofungwa kwenye mdeki, au kwa kifaa cha gesi ya kaboni kinachoisukuma kutoka nyuma, wala si kuongeza vitu juu yake.

Kutafuta kipimo kinachoipendeza bunduki

Sehemu hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote, na ndiyo inayoweza kukupatia kazi ya msimu mzima. Pigia mezani, umbali wa yadi 25, risasi tano kwa kipimo cha chini, bila kubadilisha kitu. Futa mtutu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, baada ya kila risasi, ili kila moja ianzie mahali pamoja. Ongeza greni tano, upige tano nyingine, bila kuvuka kikomo cha kijitabu. Karatasi itakuonyesha kipimo ambapo matundu yanakusanyika, na mara nyingi si kile cha nguvu nyingi.

Kisha omba ruhusa, na mstari ukishafungwa, nenda mbele ukaokote viraka vyako, ambavyo huanguka mita chache kutoka kwenye meza. Kiraka kizuri kina msalaba au duara la masizi katikati na kingo zilizochanika nyuzi tu, karibu kingeweza kutumika tena. Kilichoungua katikati kinasema kwamba kitambaa ni chembamba, au mafuta ni machache, na moto unapita pembeni ya risasi. Kilichokatwa kwa mistari iliyonyooka kinalaumu kingo kali za mifuo ya mtutu mpya, jambo linalopungua kadiri unavyopiga. Andika kila kitu katika daftari: kipimo, unene wa kiraka, mafuta, hali ya hewa. Baada ya miezi michache utakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna duka linaiuza.

Ukifika hapo, mashindano hayako mbali. Chini ya kanuni za MLAIC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, mshindani hupewa dakika 30 kwa risasi 13, na kumi zilizo bora ndizo huhesabiwa. Muda huo unamtosha mtu asiye na haraka.

Baada ya uwanja

Madini ya risasi, ambayo risasi za bunduki hii hutengenezwa kwayo, yana sumu. Usile wala kunywa ukiwa na mikono ya kazi, nawa kwa sabuni kabla ya kuingia garini, na badilisha shati kabla ya kumbeba mjukuu.

Kusafisha hakungoji kesho, kwa kuwa masizi ya baruti hii hunyonya unyevu wa hewa, na kutu inaweza kuanza siku hiyohiyo. Hakikisha bunduki ni tupu. Fungua ile chuchu ya chuma inayovikwa fataki, uitumbukize katika maji ya sabuni. Kama mtutu hutoka kwenye mti wa kitako, utoe, tumbukiza mwisho wake wa chini katika ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na kwa kitambaa kinachobana kwenye mdeki uyavute maji juu na kuyasukuma chini mpaka yatoke meupe. Suuza kwa maji safi ya moto, ambayo hukauka upesi kwa joto lake. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kama kilivyoingia, kisha paka mafuta kidogo ndani na nje, na usisahau uso wa ndani wa nyundo.

Siku ya pili pitisha kitambaa kikavu kingine. Kikitoka na rangi ya kahawia, osha tena tangu mwanzo, upake mafuta mapya, na uangalie tena baada ya wiki moja.